Mshono wa Kushoto

Nikifumba macho nikiwa mbali na Kariakoo, kitu cha kwanza kunijia si kelele, ingawa watu hudhani hivyo. Kinachonijia ni mwanga wa saa tatu asubuhi kwenye korido yetu ya ghorofa ya kwanza, vitenge vimetundikwa dirishani na jua linapita katikati yake, ukuta mzima unakuwa rangi ya papai, kisha rangi ya majani mabichi, kutegemea nani kapata sare ya harusi gani wiki hiyo. Tulikuwa mafundi tisa na vyerehani tisa, tumepangana upande mmoja, na kila mtu alishona akiwa ndani ya rangi za wateja wa mwenzake. Kuna siku mikono yangu ilikuwa ya bluu mpaka adhuhuri. Niliitazama inavyokwenda na kurudi chini ya sindano mpaka nikasahau kama ni yangu.

Mimi ni mtu wa kuota mchana. Mama alilisema hilo tangu nikiwa mdogo, na fundi aliyenifundisha kazi alilisema kwa ukali zaidi, maana alinikuta mara mbili nimeshona mkono wa gauni kwenye shingo. Lakini pia nina hasira, na mtu wa kuota mchana akikasirika huwa hajui aanzie wapi. Nalisema mapema ili usije ukanionea huruma mahali nisipostahili.

Fundi aliyenifundisha alikalia cherehani cha kwanza, pale ngazi zinapoishia, kwa hiyo sote tulimwita mama wa mlangoni. Alikuwa mnene, mcheshi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi wa kushonea, na alikuwa na jicho. Aliweza kupita nje ya ukumbi wa harusi ambayo hakualikwa, akamtazama bibi harusi anavyoshuka kwenye gari, na kesho yake gauni lile liko mezani kwake limeshakatwa, kila mshono mahali pake. Hakuona ubaya wowote. Koridoni kwetu hakuna aliyeona ubaya. Mteja anapanda ngazi na simu, anakuonyesha picha ya mtu asiyemjua, anasema nataka hivi, na wewe unaikuza picha kwa vidole viwili mpaka uone uzi umepita wapi. Hakuna ofisi ya kwenda kushtaki shingo ya gauni. Fundi aliyebuni alichokuwa nacho ni zile siku chache za mwanzo, wiki moja, akipendwa na Mungu wiki mbili, ambazo mvaaji akiulizwa kashona wapi anamtaja yeye. Baada ya hapo mshono ni wa mtaa. Sote tuliishi kwa ajili ya siku hizo chache.

Na mimi niliiba, tena sana. Kola yangu ya kwanza kusifiwa ilikuwa kola ya mama wa mlangoni, niliipunguza tu ncha. Aliiona imevaliwa na mteja wangu, akaisogelea, akaigeuza ndani nje, akacheka mpaka miwani ikaruka.

"Umeikata vizuri kuliko mimi, mwizi wewe," alisema, akarudi kwenye kiti chake.

Mama yangu mzazi alikuwa anaishi Magomeni, kwenye vyumba viwili vya nyumba ya Kiswahili niliyokulia. Alikuja Dar akiwa binti kutoka kusini, akakaanga samaki Feri kwa miaka mingi, na alipoacha samaki akabaki na shughuli. Shughuli ndiyo ilikuwa kazi yake ya kweli. Kukiwa na mwali anatolewa, maulidi, arobaini ya mtoto, harusi ya mpangaji wa nyumba ya saba, mama yumo, amekaa mkeka wa mbele, anajua nani acheze na nani aendelee kukaa. Ukimtafuta Jumamosi nyumbani humpati. Ilibidi usikilize ngoma inatokea wapi, uifuate.

Kisha akaugua titi. Alipasuliwa, wakaondoa titi la kushoto pamoja na vitezi vya kwapani, na Mungu akasaidia akapona. Lakini baada ya miezi kadhaa mkono wa kushoto ukaanza kujaa. Ulianza vidoleni, pete ikakataa kutoka, ukapanda mpaka kwenye kiwiko, ukaishia karibu na bega, na kila siku jioni ulikuwa umejaa kuliko asubuhi. Hospitali walimweleza kwamba maji ya mwili yamekosa njia ya kupita, kwamba hautarudi kabisa kama zamani, ila ukitunzwa hautamzuia kuishi. Walimfundisha kuukanda na kuuinua juu ya mto. Jinsi ya kutoka nao nje ya nyumba hawakumfundisha.

Pwani, mtu akiona mkono uliojaa hafikirii kwapa. Anafikiria matende. Asiyefikiria matende anafikiria kurogwa, na mtu aliyerogwa lazima kuna alichofanya. Mama alijua, kwa sababu enzi zake za Feri yeye mwenyewe aliwahi kuwacheka watu. Aliniambia hivyo siku moja nikimkanda, bila kujitetea.

"Nilikuwa na mdomo mimi," alisema. "Nayajua watakayosema, maana niliyasema."

Basi akaacha shughuli. Kwanza ilikuwa goti, kisha presha, kisha mvua, na mvua ilipokatika akaacha hata kutafuta sababu. Kliniki alikwenda na kanga mbili begani, hata kwenye lile joto la Februari ambalo kila mtu anatamani kuvua ngozi. Miaka miwili ilipita namna hiyo. Ngoma ikipigwa nyumba ya pili alikaa kitandani, kidole cha mkono wa kulia kinagonga goti kufuata mdundo.

Binti ya marehemu dada yake, ambaye mama alimlea na ambaye kwangu ni mdogo wangu kabisa, akapata mchumba. Siku ya harusi ilipopangwa, mama alisema atamwombea dua akiwa nyumbani. Alilisema kwa utulivu, anachambua mchele. Nikatoka nje nikakaa barazani, na hasira ikanipanda, si kwa mama, sijui kwa nani. Nikaamua kumshonea gauni litakalomtoa.

Nilikwenda Mchafukoge, kwenye duka la bibi mmoja wa Kihindi ambaye alikuwa anamuuzia mama vitambaa tangu mimi nabebwa mgongoni. Nilimwambia nataka kitambaa kinachoanguka. Akashusha majora kadhaa, akayatupa mezani moja moja, akiyatazama yanavyotua, kisha akaniwekea la zambarau iliyoiva.

"Hiki hakina kiburi," alisema. "Ukikiambia lala, kinalala."

Gauni la kwanza nililolijaribu lilikuwa na mikono miwili mipana, yote sawa. Mama akasimama mbele ya kioo cha kabati.

"Nimekuwa pazia," akasema. "Halafu huu wa kulia umekukosea nini? Huu mzima. Usiufiche."

Nikalifumua. Siku mbili tatu sikupata kitu. Kisha mchana mmoja wa Jumapili nilikuwa nimejilaza mkekani chumbani kwake, katikati ya usingizi na kuwa macho, pale ambapo huwa naishi sana. Mama alikuwa amelala kitandani, mkono umeinuliwa juu ya mito miwili kama alivyofundishwa. Kanga ilikuwa imeteleza kutoka shingoni, imepita juu ya mkono ule, imeshuka mpaka godoro kwa mikunjo mitatu mirefu. Upepo wa dirishani uliigusa ikapumua. Nilitazama kwa muda, kisha nikagundua kwamba naona kanga tu. Mkono sikuuona kabisa, na ulikuwa pale pale.

Nilikata siku ile ile. Mkono wa kushoto niliuanzishia shingoni badala ya begani, ili mshono usimbane kwapani kwenye kovu. Nikaweka marinda matatu yanayoshuka kutoka shingoni mpaka chini, na kwenye kifundo cha mkono nikayakusanya kwa kifungo kimoja anachoweza kukifungua mwenyewe. Wa kulia niliuacha mwembamba, unaishia kwenye kiwiko, hina ionekane. Mama alivaa, akageuka, akainua mikono yote miwili kama anaitikia ngoma. Kisha akaniomba ahadi.

"Usimwambie mtu kwa nini uko hivi."

"Sitasema."

"Hata huko kwenye vyerehani vyenu."

"Hata huko, mama."

Harusini alikaa mkeka wa mbele. Mwanzoni aliushika mkono wa kushoto kwa kiganja cha kulia, kisha ngoma ilipochanganya akausahau, na mimi niliyekuwa namtazama tangu adhuhuri nikausahau pia. Wanawake walimzunguka. Hakuna aliyeuliza mkono una nini. Waliuliza kashona wapi.

"Kwa mwanangu, Kariakoo," nilimsikia akijibu, mara moja, mara mbili, mara nne.

Nilihisi kama nimenyanyuliwa kutoka kwenye sakafu ile ya saruji. Miaka yote ya kuikuza mishono ya watu kwenye simu, na sasa nina wangu, haukutoka kwa mtu yeyote, ulitoka kwenye usingizi wangu mwenyewe. Jumapili nzima niliipitisha nikitabasamu peke yangu, nahesabu wateja ambao hawajaja.

Jumatatu nilipanda ngazi bado naelea, nikaliona kabla sijamwona mtu. Gauni limetundikwa juu ya cherehani cha kwanza, kitenge cha njano, mkono wa kushoto umeanzia shingoni, marinda matatu, kifungo kimoja. Mama wa mlangoni alikuwa anakata uzi kwa meno.

"Mambo?" akaniuliza. "Umeona hii? Nimeiona kwenye status ya mtu. Kali, eh?"

Nilisema poa. Nilikaa kwenye kiti changu, na siku nzima sikumbuki nilishona nini.

Baada ya hapo haukushikika. Katika wiki ya pili sanamu za maduka ya Mtaa wa Kongo zilikuwa zimevalishwa, safu nzima, kila moja na mkono mmoja wa marinda. Watu wakaupa jina lake wenyewe, wakauita kushoto. Nishonee kushoto. Hiyo kushoto umeitoa wapi? Kuna waliochukua mshono kutoka kwenye picha ambazo mtu alijipiga mwenyewe, na simu hugeuza, kwa hiyo wakashona kulia, na kwa siku kadhaa korido yetu ilikuwa na mabishano mazito kuhusu upande upi ndio wa asili. Nilikaa palepale katikati ya mabishano, nimeinamisha kichwa. Nilikuwa najua upande wa asili. Ulikuwa umelala Magomeni juu ya mito miwili.

Ningevumilia, nadhani. Siku zangu chache nilizikosa, ndiyo kazi ilivyo. Lakini mchana mmoja akapanda mwanamke mgeni, anahema kwa ngazi, akauliza yule fundi aliyeanzisha kushoto ni yupi. Mafundi wote wakaelekeza vidole kwa mama wa mlangoni. Naye hakukataa. Alivuta kiti, akamkaribisha.

"Ni mimi," nikasema.

Nilisimama. Sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyotaka.

"Mshono huo ni wangu. Nimeushona mimi kabla ya mtu yeyote."

Vyerehani vikanyamaza kimoja kimoja kutoka mlangoni mpaka mwisho wa ukuta. Mama wa mlangoni akavaa miwani yake, akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

"Wako? Toka lini?"

"Toka zamani."

"Haya mwanangu, sikatai. Nilikufundisha mwenyewe kwamba kila mkunjo una sababu, na mwenye mshono anaijua. Basi tuambie. Kwa nini kushoto tu? Kwa nini usianzie begani kama mikono ya watu wote?"

Korido nzima ilikuwa inaningoja, na yule mteja mgeni pia. Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limeshafika mdomoni, nalihisi kwenye ulimi, maneno machache tu, na yangemnyamazisha kila mtu pale, maana hakuna fundi anayeweza kubuni uongo unaokaa vizuri hivyo. Mama yangu ana mkono uliojaa. Kwisha. Ningepata mshono wangu, na kufikia jioni Magomeni nzima ingejua, kwa sababu mafundi wawili wa korido ile walikuwa wanakaa mitaa miwili tu kutoka kwa mama.

"Nilijisikia tu," nikasema.

Wakacheka. Haikuwa kwa ubaya, lakini walicheka.

"We dada, acha hizo," akasema mmoja. "Kujisikia!"

"Mimi naweka kushoto," akasema mama wa mlangoni, akimgeukia mteja, "kwa sababu mkono wa kulia una kazi. Unakula, unasalimia watu. Marinda yote hayo si yangeingia kwenye pilau?"

Mteja akaona ni jibu zuri sana. Lilikuwa jibu zuri. Nilikaa chini, nikakanyaga cherehani bila kitambaa, nasikia sindano inatoboa hewa.

Nilipofika kwa mama jioni ile nilikuwa nimenuna, na mama hajawahi kuniacha ninune kwa amani. Aliniuliza mara mbili, mara ya tatu nikamwaga yote, mpaka pilau. Nilisema kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyecheka. Nilimchukia mama kidogo jioni ile. Naliandika kwa sababu ni kweli.

Alikuwa anaukanda mkono wake, kutoka kwenye vidole kwenda juu, polepole, kama walivyomwelekeza.

"Ulitaka kusema?" aliuliza.

"Nilitaka."

"Mbona hukusema?"

"Si uliniambia nisiseme!"

Aliendelea kukanda mpaka akafika begani. Akapumzika.

"Kesho tunaenda wote Kariakoo," akasema.

Niliona mara moja anachokwenda kufanya. Angepanda zile ngazi, angesimama katikati ya korido, angefungua kile kifungo kimoja na kuwaonyesha. Nilimwambia haina haja. Nilimwambia nimeshasahau, kwamba kesho nitabuni mwingine, hata miwili. Nilimbembeleza mpaka nikapiga magoti mbele ya kitanda.

"Mimi ndiye mwenye mkono," alisema. "Lala, kesho tuwahi."

Asubuhi alivaa lile gauni la zambarau, na juu yake akatupa kanga begani upande wa kushoto, na kanga akaishika kwa mkono wa kulia. Bajaji ilituacha Msimbazi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, lami bado inang'aa, na wauzaji walikuwa wanafunua bidhaa zao chini ya nailoni, kila nailoni inamwaga maji yake barabarani. Mama hakuwa amekanyaga pale tangu kabla ya hospitali. Alitembea katikati, hatua fupi, macho chini. Nilikuwa nyuma yake nusu hatua.

Wa kwanza alikuwa mwanamke anayepanga mabakuli ya plastiki. Aliinuka kutoka kwenye fungu lake, na marinda matatu yakashuka kutoka shingoni mpaka mkononi. Mama akasimama. Yule mwanamke akadhani ni mteja, akamwonyesha bakuli. Tukaendelea. Kisha wakapita wawili wa ofisini na vitambulisho shingoni, wote wawili kushoto, mmoja wa pinki, mmoja wa kitenge cha bluu. Kisha mama mwenye mtoto mgongoni, na mtoto ameshika rinda moja analinyonya. Kisha kona, na pale kwenye kona safu ya sanamu, kisha binti aliyeshona kulia kwa makosa ya simu, kisha bibi mzee kabisa, mzee kuliko mama, anayevuka barabara na marinda yake ya kijani, anawapigia kelele waendesha bodaboda.

Sijui ilikuwa mtu wa ngapi wakati mkono wa kulia wa mama ulipoiachia kanga. Haikuanguka, ilibaki begani tu, imelegea, inafuata upepo. Alikuwa anatembea polepole zaidi sasa, kichwa juu, anageuka kushoto na kulia. Watu walimpita wakimgusa, Kariakoo haiwezekani usiguswe. Mwanaume mwenye mzigo wa viatu aligonga mkono wenyewe, ule ule, akasema samahani mama, akaenda zake.

"Kushoto hiyo imekukubali, mama!" aliita kijana wa mitandio kutoka upande wa pili.

"Asante, mwanangu," mama akajibu, kwa ile sauti yake ya mkeka wa mbele.

Mimi nilikuwa nikiona mambo mengine. Niliona marinda yaliyokatwa kinyume, vifungo vilivyoshonwa kwa uzi wa rangi isiyofanana, shingo zilizovutika. Nilitaka kumsimamisha yule wa pinki nimrekebishe bega pale pale barabarani, na wakati huo huo nilitaka kulia. Nilifikiria lile nililokuwa nalitamani wiki zote hizo, kwamba kungekuwa na karatasi mahali fulani yenye muhuri, inayosema mkono huu ni wangu na mwingine asithubutu. Ningeipata karatasi hiyo, ningeitumia, najijua. Na mama angekuwa mwanamke mmoja katika Dar nzima mwenye mkono mmoja wa ajabu, na kila mtu angemtazama.

Tulifika ngazi. Nilimshika kiwiko.

"Mama, tafadhali," nikasema. "Tumeshaona. Turudi."

Alikuwa anahesabu pumzi zake, anapanda.

Juu, mwanga ulikuwa mwekundu siku ile, sare ya mtu. Mama wa mlangoni alituona wa kwanza. Akanitazama, akalitazama gauni la zambarau, akamtazama aliyelivaa, na akainuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kushonewa."

Vyerehani vya wenzangu vilikuwa vinaendelea, lakini masikio yao yalikuwa kwetu.

"Karibu mama," alisema mama wa mlangoni, polepole, maana mtoto wa mteja ni fundi na amesimama pale pale. "Mshono gani?"

"Huo wanaovaa watu wote."

Akauvuta mkanda wa vipimo kutoka shingoni. Kwa kawaida yeye hupima mkono mmoja tu, wa kulia, kama mafundi wote. Mkono mmoja ukishaujua, wa pili umeujua. Na kwa kawaida husoma vipimo kwa sauti ili jirani yake amwandikie, ndiyo maana korido nzima inajua viuno vya wateja wake wote. Aliusogelea mkono wa kulia wa mama. Mama akautoa ule mwingine.

"Anza na huu."

Mkanda ukazunguka juu ya marinda, ukakazwa kidogo. Mama wa mlangoni akafungua mdomo kusoma. Akaufunga. Akauteremsha mkanda mpaka kwenye kiwiko, akaukaza tena, kwa upole zaidi, akausoma kimya. Kisha akaenda kwenye mkono wa kulia, na pale alisimama muda mrefu, mkanda mkononi, bila kuusoma. Jirani yake alikuwa na kalamu tayari.

"Nipe," mama wa mlangoni alimwambia, akachukua kalamu, akaandika mwenyewe na kuukunja ukurasa.

Alipopitisha mkanda kifuani alipita haraka, kama mtu anayepita mbele ya mlango ulio wazi wa nyumba ya watu. Nilimwona akielewa. Alielewa kwapa, alielewa kwa nini mshono ulianzia shingoni, alielewa kifungo. Jicho lile halikuhitaji kuambiwa. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge cha mteja, jambo ambalo angemfokea mwingine yeyote.

Nilikuwa nimeshikilia ukingo wa meza yangu. Ilitosha aseme neno moja tu kwa sauti yake ya kila siku, na korido nzima ingejua.

"Mama," aliuliza, na sikuwahi kumsikia akiongea chini hivyo, "huu wa kushoto tuuachie nafasi kiasi gani?"

"Muulize huyo," mama akasema. "Ndiye aliyeuanza."

Fundi wa pili akainua kichwa. Wa tatu pia. Mama wa mlangoni akanigeukia, na miaka yote aliyonifundisha alikuwa ananiita mwanangu, au mwizi, au we mwota ndoto.

"Haya, fundi," akasema. "Niambie."

Nikauachia ukingo wa meza.

"Vidole vinne," nikasema. "Lakini usimpime sasa hivi. Vipimo vya asubuhi vinadanganya. Mpime jioni."

Hakuuliza kwa nini. Alifuta namba alizoandika, akauweka mkanda shingoni.

"Basi mama, itabidi utusubiri mpaka jioni."

Mama aliivua kanga begani, akaikunja, akaiweka kwenye benchi, akaikalia. Akasema yeye hana haraka.